Gasketi ya kuzuia joto kwenye manifoldi ya Corolla 110: inasaidia nini na inafungwaje

Kuna msomaji wa Mbagala kaniandikia, swali lake nalifupisha: ana Corolla 110 injini ya 4A-FE, otomatiki, kila siku anakula foleni asubuhi na jioni na AC imewaka. Anasema gari ikikaa foleni kama nusu saa inakuwa nzito, ukikanyaga inavuta kivivu, alafu ikipata barabara wazi kidogo inarudi kawaida. Kaona wanauza gasketi nene ya kuzuia joto, ile inayokaa kati ya hedi (kichwa cha injini) na manifoldi ya inteki (zile bomba zinazopeleka hewa kwenye silinda), tangazo linasema inaongeza nguvu za farasi. Anauliza ni kweli au anapigwa, na kama ni kweli afunge mwenyewe au apeleke kwa fundi, na kuna mitego gani.

Mkuu, joto unalolisema lipo kweli na hiyo gasketi inalipunguza kweli, hapo hupigwi. Unapopigwa ni kwenye hizo farasi. Ukinunua kwa ajili ya foleni utaona faida kiasi, ukinunua ili gari iwe na mbio zaidi utakuja kulalamika. Na kwa Toyota ya umri huo kitu kinachonipa wasiwasi zaidi ni umeme, nitafika huko, usiruke hiyo sehemu hata kama umechoka kusoma.

Kwanza joto lenyewe linavyoenda. Manifoldi yako ni aluminiamu, imefungwa moja kwa moja kwenye hedi ambayo nayo ni aluminiamu, katikati kuna gasketi nyembamba ambayo kwa joto ni kama haipo. Thamostati ya 4A-FE inaanza kufungua kwenye nyuzi 82 hivi, kwaiyo hedi muda wote injini ikiwa na moto inacheza hapo na kupanda kidogo. Gari ikitembea, upepo unaopita chini ya boneti unaipoza manifoldi, haifikii joto la hedi. Ukisimama foleni upepo hamna, kinachobaki ni feni ya rejeta inayosukuma hewa ya moto kuja nyuma, na kwenye hii injini egzosi iko mbele upande wa rejeta na manifoldi ya inteki iko nyuma karibu na ukuta wa kabini, yaani hewa inapita kwanza kwenye rejeta, ikitoka hapo inapita kwenye egzosi, ndo inaifikia manifoldi. Baada ya dakika ishirini manifoldi nzima imelingana na hedi, huwezi kuweka mkono.

Sasa hewa inayoingia gari ikiwa silensa (injini inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta) inapita polepole, inapata muda mrefu wa kukaa kwenye zile bomba za moto, inafika kwenye silinda imeshapashwa. Hewa ya moto ni nyepesi, kwaiyo ukitoa mguu kwenye breki na kukanyaga mafuta, sekunde za mwanzo injini inapata hewa kidogo. Uzito ule unaousikia sehemu yake ni hiyo. Ila ukishakanyaga hadi chini hewa inapita kwa kasi, haina muda wa kushika joto, inaongezeka nyuzi chache tu. Ndo maana gari yako ikitembea inarudi, na ndo maana vilevile gasketi hii haina maajabu kwenye mbio.

Hesabu yake si ngumu. Chukua hewa ya nyuzi 45, ukiibadilisha kwa kipimo kamili cha joto ni kelvini 318. Ukifanikiwa kuishusha nyuzi 5 uzito wake unapanda asilimia 1.6 hivi. 4A-FE ya Japani ilitoka kiwandani na farasi 115 ikiwa mpya, kwaiyo tunaongelea farasi chini ya wawili, tena kwenye injini ambayo sa hivi ina zaidi ya miaka ishirini na imeshapoteza wa kwake kadhaa njiani. Hutasikia kwenye kiti. Utakachosikia ni ile hali ya kutoka kwenye foleni, gari inaamka mapema kidogo, basi.

Kuna kitu kingine cha hii injini ambacho watu wengi hawakijui. Sensa ya joto la hewa kwenye 4A-FE hizi zenye sensa ya vakyumu haiko kwenye manifoldi, iko kule kwenye boksi la hewa klina. Maana yake kontroli boksi (kompyuta ya injini) inapima hewa kabla haijaingia kwenye manifoldi ya moto, inadhani hewa ni ya nyuzi 40 wakati silinda inapata ya juu zaidi, inapiga hesabu ya mafuta kwa hewa nzito kuliko iliyopo. Sensa ya oksijeni inarekebisha ukiwa unatembea kawaida, ila ukikanyaga ghafla hairekebishi, unapata mchanganyiko wenye mafuta mengi kidogo. Kwaiyo kuipoza manifoldi kwenye gari yako kuna maana kidogo zaidi kuliko kwenye gari ambayo sensa yake iko ndani ya manifoldi. Nasema kidogo, usilikuze sana.

Kabla hujatoa hela fungua boneti uangalie boksi la hewa klina. Ile pua ya plastiki inayotoka kwenye boksi kwenda kuchukua hewa mbele, ipo? Corolla nyingi mjini haipo, ilivunjika ikatupwa, au fundi aliitoa ili apate nafasi akasahau kuirudisha. Bila hiyo pua gari inavuta hewa ya ndani ya boneti yenye nyuzi 60 na kitu, na hapo hata ukifunga gasketi ya aina gani unapoza bomba wakati hewa imeshaingia ya moto. Na kama mtu alikuuzia ile filta ya koni inayong'aa ukatoa boksi zima, ndo kabisa. Rudisha boksi la orijino na pua yake, hiyo peke yake inaweza kukupa kuliko hii gasketi yote.

Pili, AC. Kompresa inakula nguvu kubwa ukilinganisha na kile injini inachotoa ikiwa kwenye silensa, na kondensa ikiwa imejaa vumbi inabidi isukume kwa presha kubwa zaidi, inakula zaidi. Osha kondensa na rejeta kwa maji ya presha ndogo, hakikisha feni zote mbili zinazunguka AC ikiwaka. Tatu, mwambie fundi akague taiming (wakati plagi inapotoa cheche): anaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha dayagnosisi, taa ya taiming isome nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Distribyuta za hizi gari zimeshazungushwa na kila fundi aliyepita, nyingine utakuta iko kwenye 4 au 5, hiyo gari itakuwa nzito foleni na barabarani. Plagi na waya zake pia. Ukimaliza haya na bado unataka gasketi, twende.

Kwa faida ya wengine watakaosoma: kama gari yako ni IST, Vitz au nyingine yenye 1NZ, usinunue. Manifoldi yako ni ya plastiki, kiwanda kilishakufanyia hiyo kazi. Na hili wazo lenyewe si jipya, wale waliowahi kuwa na Corolla za kabureta watakumbuka kile kipande kinene cheusi au kahawia kilichokaa chini ya kabureta, kazi yake ilikuwa hiihii, kuzuia joto la manifoldi lisichemshe petroli ndani ya kabureta. Tofauti ni kwamba enzi zile manifoldi yenyewe waliipasha moto makusudi, kwa maji au kwa egzosi, ili petroli iyeyuke vizuri njiani. Ukiwa na injekta zinazopuliza karibu na valvu hilo hitaji limepungua sana, ndo maana leo tunaweza kuipoza bila kuharibu kitu.

Haya, materiali. Nzuri ni ile jamii ya bekelaiti, karatasi au kitambaa kilichogandishwa na gundi ngumu, ngumu kama jiwe, mafundi umeme wanaitumia kwenye paneli. Inapitisha joto mara mia kadhaa pungufu ya aluminiamu. Zinauzwa zikiwa tayari zimekatwa, ila kama hupati ya 4A-FE unaweza kununua shiti ya milimita 3 ukampelekea mtu mwenye mashine ya kukata, mpe gasketi ya zamani iliyo nzima kama sampuli. Usikate kwa gurainda nyumbani bila kuziba pua na mdomo, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Na usije ukakubali vitu hivi: plastiki nyeupe ya ubao wa kukatia nyama, hiyo inalainika kabla hata injini haijafika mbali, tefloni tupu, hiyo haiyeyuki lakini ikibanwa inajisogeza taratibu hadi bolti zinalegea, plastiki angavu kama kioo, hiyo inapinda na kupasuka. Nimeona zote tatu kwenye magari ya watu.

Unene. Milimita 3 inatosha kwa matumizi yako, zipo za 8 na 10 lakini kila milimita unayoongeza unaisukuma manifoldi kwenda nyuma kuelekea ukuta wa kabini na kuna vitu vinafuatana nayo. Cha kwanza bolti. Za M8 zinazoingia kwenye aluminiamu zinatakiwa zishike uzi kama milimita 12, yaani mara moja na nusu ya unene wa bolti. Ukiongeza gasketi ya milimita 3 umepunguza mshiko kwa hizohizo 3, kwaiyo toa bolti moja upime kabla ya kununua chochote, ikibidi tafuta bolti ndefu zaidi za daraja lilelile, na hakikisha haziishii kwenye tundu kabla hazijabana. Stadi nazo angalia nati inakaa yote. Cha pili ni ile breketi ya chini inayotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye bloku. Watu wanaisahau. Matundu yake hayatalingana tena, na fundi asiye na subira anaivuta kwa nguvu na bolti hadi iingie, matokeo yake breketi inaivuta manifoldi kurudi chini muda wote, gasketi inapumua upande wa juu. Refusha matundu ya breketi kwa faili milimita mbili tatu, dakika kumi tu.

Cha tatu, kebo. Yako ni otomatiki kwaiyo kwenye throto bodi (pale penye mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) kuna kebo mbili, ya mafuta na ile ya gia boksi. Breketi zake zinasogea pamoja na manifoldi hivyo marekebisho kwa kawaida hayabadiliki, ila kazi ya kufungua na kufunga huwa inabadilisha. Weka alama kwenye nati zake kabla ya kulegeza. Hii kebo ya gia boksi si ya kuchezea, ikilegea gia boksi inapata presha ndogo ya oili, klachi za ndani zinateleza na kuungua, utatengeneza nguvu farasi mmoja upoteze gia boksi nzima. Injekta na reli ya mafuta nazo angalia zimekaa wapi kwenye injini yako: zinazokaa kwenye manifoldi zitasogea nayo, hapo mipira ya mafuta ndo inatakiwa iwe na nafasi, zinazokaa kwenye hedi hazisogei, hapo uangalie manifoldi isije kugusa reli.

Sasa umeme, niliyosema usiruke. Toyota nyingi za miaka hiyo waya za ethi za kontroli boksi zimefungwa kwenye manifoldi ya inteki, utaona waya wa kahawia au mweupe na mweusi umebanwa na bolti ya 10 kwenye mwili wa manifoldi. Kwa kawaida manifoldi imegusana na hedi kwa eneo kubwa, ethi inapita bila shida. Ukiweka bekelaiti katikati umekata hiyo njia, bekelaiti haipitishi umeme ndo maana mafundi umeme wanaipenda. Ethi inabaki kupita kwenye bolti na ile breketi ya chini peke yake. Mara nyingi hapo gari inawaka na kutembea na mtu haoni tatizo. Kisha anakuja mjuaji anasema bolti zinapitisha joto, weka washa za faiba chini ya vichwa vya bolti na mikono ya plastiki kwenye stadi. Joto, yuko sahihi kabisa, bolti ni madaraja ya joto na washa zinasaidia. Ila sasa umeiacha manifoldi inaelea hewani kiumeme, imebaki breketi ambayo ina rangi na kutu. Umeme unaanza kutafuta njia nyingine ya kurudi, unapita kwenye kebo ya mafuta, unapita kwenye ngao za waya za sensa, silensa inapanda na kushuka, chek injini inawaka leo kesho haiwaki, gari inamisi ukiwasha taa. Mtu anabadilisha sensa, distribyuta, hadi kontroli boksi.

Dawa yake ni waya mmoja. Chukua waya mnene, wa kama milimita za mraba 10, weka vichwa vya kubana pande zote mbili, bolti upande mmoja kwenye manifoldi pale penye ethi za kontroli boksi, mwingine kwenye hedi au bloku mahali uliposafisha hadi chuma king'ae. Ukimaliza pima na mita: injini inawaka, taa na AC zimewashwa, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye manifoldi nyingine kwenye negativu ya betri. Isizidi volti 0.1. Ikizidi tafuta tatizo kabla hujaenda popote. Na hata kama hutaweka washa za faiba, weka huo waya tu.

Kazi yenyewe. Kufanya mwenyewe inawezekana kama una soketi za 10, 12 na 14, ekstensheni ndefu, kiungo kinachopinda na mtu wa kukushikia tochi, na hasa kama una toki renchi (spana inayopima nguvu ya kubana). Shida ni bolti za chini za manifoldi, ziko nyuma, ukiangalia kutoka juu huzioni, unazifikia kwa kulala chini ya gari na ekstensheni imepanda katikati ya vitu. Gari iwe kwenye stendi za chuma, siyo jeki peke yake, siyo matofali. Ukimpa fundi, sharti langu ni moja, akubali kubana kwa toki renchi. Fundi wa kubana kwa hisia za mkono anaweza kuwa mzuri sana kwenye springi na hab lakini uzi wa aluminiamu haumsamehe.

Injini ilale usiku mzima ipoe. Ondoa plagi ya pampu ya mafuta, washa iungurume hadi izime yenyewe, hapo umetoa presha kwenye bomba za mafuta, alafu ndo utoe negativu ya betri. Mwaga kulanti lita mbili hivi maana kuna mipira miwili midogo ya maji inayoenda kwenye throto bodi. Piga picha kila kitu kabla hujagusa, kila mpira wa vakyumu unaoutoa uufunge kipande cha selotepu ya karatasi umeandika namba, na namba hiyohiyo pale ulipotoka. Mpira wa busta ya breki, wa sensa ya vakyumu, wa mvuke wa oili, mipira midogo ya AC inayopandisha silensa. Mpira uliokauka ukapasuka mwisho, usiukate na kuurudisha, nunua mpya, na hapa nikwambie kitu: magari mengi yanayotoka kwenye hii kazi yakiwa "yamebadilika kabisa" yamebadilishwa na mipira mipya mitano, gasketi ya joto imepewa sifa isiyo yake.

Ikishatoka manifoldi, jambo la kwanza ziba matundu manne ya hedi kwa vitambaa safi vikubwa, visivyoweza kuzama ndani. Kwangua gasketi ya zamani kwa skrepa ya plastiki au mti, malizia na dawa ya kusafishia breki. Ile diski ya msasa laini inayofungwa kwenye drili usiilete hapo. Unga wake unaingia kwenye mafuta ya injini na kula beringi, injini inakufa baadaye kabisa na hakuna atakayejua sababu. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa manifoldi na wa hedi, jaribu kupitisha fila geji. Ikipita ya milimita 0.2 manifoldi iende kwa mchongaji ikalazwe, kwa sababu gasketi ya kawaida ni laini inajaza mabonde, bekelaiti haijazi kitu, inakaa juu ya vilima na hewa inapita kwenye mabonde.

Hapo ndo tofauti kubwa ya ufungaji ilipo. Kama uliyonunua imetengenezwa kufungwa peke yake, ina uso wenye mpira au mfuniko laini, ifunge kavu. Kama ni shiti tupu uliyokatisha, weka gasketi nyembamba ya karatasi pande zote mbili, ya kiwanda upande wa hedi na nyingine upande wa manifoldi. Silikoni ya kawaida nyekundu sipendi hapa, petroli inaivimbisha na vipande vinavyotoka vinaenda kwenye valvu. Kabla ya kufunga ipandishe gasketi kwenye stadi uangalie kila tundu: isitokeze ndani ya njia ya hewa hata kidogo. Tundu la gasketi likiwa kubwa kidogo kuliko la hedi sawa, likiwa dogo limekuwa ukuta, limekula kile kidogo ulichokuja kutafuta. Kama gasketi ya orijino ina tundu la maji au la EGR (moshi wa egzosi unaorudishwa kwenye inteki) na mpya haina, simama, usijaze hilo kwa kubahatisha.

Kubana: shika zote kwa mkono kwanza, kisha anza katikati kwenda nje ukipishanisha juu na chini, mzunguko wa kwanza nyutoni mita 8, wa pili 14, wa mwisho 19. Breketi ya chini funga mwisho kabisa, manifoldi ikiwa imeshabanwa, na iingie bila kulazimishwa. Rudisha mipira kwa namba, kebo kwa alama, ethi, waya mpya wa ethi, plagi ya pampu, betri mwisho.

Utaulizwa na fundi kama aruke ile mipira ya maji ya throto bodi, aiunganishe yenyewe kwa yenyewe ili throto ipoe. Dar barafu haitagandisha throto yako, sababu hiyo ya kiwanda haikuhusu. Ila valvu ya silensa iliyoko chini ya throto bodi kwenye baadhi ya injini inategemea yale maji kujua kwamba injini imepata moto, hasa zile zenye nta ndani. Ukikata maji inadhani ni asubuhi muda wote na silensa inabaki juu. Mimi ningeiacha.

Jaza kulanti, washa hita hadi mwisho, acha kifuniko cha rejeta wazi injini ipate moto hadi mapovu yaishe. Silensa ikitulia, chukua chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni kidogo, puliza kwenye maungio ya gasketi moja moja. Mlio ukibadilika, pale panavuta hewa. Wengine wanapulizia petroli au dawa ya kabureta, inaonyesha haraka zaidi na inaweza pia kukuchomea gari. Dalili ya kuvuja kwa gari yako ni silensa kuwa juu, kwa sababu sensa ya vakyumu inaona presha imepanda kwenye manifoldi, inaongeza mafuta kulingana nayo, injini inafurahi inapanda. Gari zenye kipimo cha hewa kwenye klina zinafanya kinyume, zinakosa mafuta, zinatetemeka na kumisi. Kama una geji ya vakyumu, Dar injini nzima itakupa inchi 18 hadi 20 za zebaki, sindano imetulia. Aliyeko Arusha au Nairobi atasoma chini zaidi bila kuwa na tatizo, kila mita 300 za mwinuko inashuka kama inchi moja.

Ukitaka kujua kama hela yako imefanya kazi, pima kabla na baada, usitumie hisia. Ile bunduki ya kupima joto ya kipindi cha korona haifai, imetengenezwa kwa joto la mwili tu. Tafuta ya viwandani. Aluminiamu inayong'aa inaidanganya, itasoma chini sana, kwaiyo bandika kipande cha selotepu ya karatasi kwenye bomba la manifoldi na kingine kwenye hedi na upime hapohapo siku zote. Pima baada ya foleni ileile, AC imewaka. Kabla ya kufunga namba mbili zitakuwa karibu sawa, baada ya kufunga ukiona bomba limekuwa chini ya hedi kwa nyuzi kumi na kitu, gasketi inafanya kazi yake. Ukiona zimelingana bado, angalia breketi ya chini na bolti, na uangalie hewa ya feni inapopitia, maana joto linaweza kuwa halitoki kwenye hedi kabisa, linatoka hewani, na hapo gasketi haina la kufanya.

Baada ya siku mbili tatu za kupata moto na kupoa, injini ikiwa baridi, rudia toki renchi kwenye bolti zote kwa 19 ileile, bekelaiti na karatasi zinajikalia kidogo na bolti inalegea. Rudia tena ukibadilisha oili. Na gasketi ya zamani usiitupe, ikunje kwenye gazeti uiweke gereji, ukija kuhitaji kukata nyingine ndo sampuli yako.